Waya Uliokatika Kati Yangu na Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi nakusalimu kwa heshima tu. Naomba unisaidie katika jambo ambalo nikiwaeleza wenzangu sokoni wanacheka, kwa sababu linaanza na spika za masikioni, zile ndogo za kuchomeka kwenye redio ya mkononi, lakini mwisho wake ni mama mkwe wangu kuondoka nyumbani kwangu kabla jicho lake la pili halijatibiwa, na akiondoka najua hatarudi.

Mimi ni mtu wa Gairo, naishi Morogoro mjini, Kichangani, nilikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, na sasa nauza karanga na mahindi ninayoletewa kutoka nyumbani. Mke wangu Devotha ni Mluguru wa Matombo. Mama yake alianza kupoteza nuru ya macho tukamleta hapa mjini, jicho la kwanza likapasuliwa na likapona vizuri, la pili daktari amesema lisubiri masika yaishe. Tumepanga vyumba viwili, yeye na watoto kimoja, mimi na mke wangu kingine, na wewe unajua mambo ya ukwe kwetu Wakaguru, na kwa Waluguru ni vilevile, sikai naye chumba kimoja, sili naye, simtaji jina, akipita nasogea pembeni, na akiwa na neno kwangu anamwambia Devotha hata kama mimi niko nyuma ya ukuta nasikia kila kitu.

Mwanzoni redio yangu ilikuwa inasikika kotekote, maana ukuta wa katikati haufiki kwenye bati, mpaka jioni moja hizi redio mpya za binafsi zikaleta kipindi cha mambo ya chumbani, binti anaeleza bila haya, na mimi niko huku na mama mkwe yuko kule, nikajua anasikia ninachosikia na yeye akajua kwamba najua, akajitanda kanga akaenda kukaa uani mpaka mbu wakamrudisha ndani. Tangu hapo nikawa nasikiliza kwa spika za masikioni, tena upande mmoja tu, kwa sababu sikio langu la kushoto liliharibiwa na mashine za kiwandani, ule upande wa pili ukawa unaning'inia kifuani bila kazi. Basi siku moja mama mkwe akamwambia Devotha, kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwambie mwenzio, uzi wake una ncha mbili, na sikio lake zima ni moja."

Mshauri, nilicheka peke yangu nikajiziba mdomo kwa mto. Kesho yake nilizipeleka kwa fundi redio, Mikidadi wa pale jirani na soko, akaupasua ule waya ambao ulikuwa pacha, akaunga kila upande kipande kingine, wangu akauacha mrefu kabisa nikauzungushia kwenye msumari inapotundikwa redio, hata nikitaka kwenda mpaka mlangoni kumsikiliza mteja naenda bila kutoa kitu sikioni. Wa mama ukapita juu ya ukuta ukashuka mpaka kwenye kigoda chake, ukafika hapo bila ziada, kwa sababu yeye akikaa amekaa. Spika ile ilikuwa kubwa kwa sikio lake ikawa inadondoka, kwa hiyo aliishikilia kwa mkono muda wote. Akimaliza anaifunga kwenye kipande cha kanga safi anakiweka juu ya ukuta, na mimi upande ule sijawahi kuugusa hata siku moja.

Kuanzia hapo tuliishi vizuri sana. Matangazo ya vifo yakianza sihami stesheni, kwa sababu najua anatafuta majina ya watu wa milimani kwao, na akimsikia mtu anayemfahamu ananyamaza, nami napunguza sauti kidogo kwa heshima. Mpira ukianza haondoki, ingawa mwanzo alimuuliza Devotha kwa nini wanaume wazima wanagombea kitu kimoja wakati wangeweza kununua kila mtu cha kwake. Baadaye akaijua timu yetu, akawajua wachezaji, na mwamuzi akikosea anagonga ukuta kwa kijiko cha chai, mimi nakohoa kumwonyesha kwamba tuko pamoja. Devotha akawa anasema ndani ya nyumba hii yeye ndiye mgeni.

Sasa siku ya balaa. Timu yetu ilikuwa imefungwa na dakika zimekwisha, tukasawazisha. Nilipiga kelele nikaruka palepale nilipokaa, na hapohapo redio ikang'oka msumarini ikaanguka, waya ukakatika kwenye pini ya kuchomekea redioni, na kule upande wa pili nikasikia mama mkwe amepiga ukelele, kikombe kikavunjika. Devotha alipoingia alimkuta mama yake amesimama, kigoda kimepinduka, chai imemwagika, na waya uko chini. Mama hakusema neno. Mshauri, nimeng'oa kitu kutoka sikioni mwa mama mkwe wangu. Kwetu hiyo ni kama nimemgusa.

Ili nijisafishe nilikwenda dukani nikanunua spika nyingine, zina maandishi ya Kijapani, zikaanza kukoroma kabla sijafika nyumbani. Nikanunua nyingine, upande mmoja ulikuwa kimya tangu kuzaliwa. Nikaona hapana, mzee huyu anastahili heshima kamili, nikajibana nikamnunulia redio yake mwenyewe, mpya, na spika zake mwenyewe, zile za bei, zenye sifongo, ili asitegemee tena waya wangu. Akamwambia Devotha, "Mwambie nimeshukuru, amefanya jambo kubwa." Akaifunga kwenye kanga akaiweka sandukuni, na hajaifungua. Nikadhani spika hazikumfaa, nikabadilisha nikaleta zile za kuingia ndani kabisa ya sikio. Akasema nisisumbuke.

Katikati ya hayo akaja mjomba wake Devotha, mzee Kasiani, na mikungu yake ya ndizi, akauona ule msumari na alama ya waya juu ya ukuta, akauliza, akaelezwa, akakasirika. Alisema mkwe na mama mkwe kusikiliza kwenye uzi mmoja ni sawa na kula sahani moja, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja kumchukua dada yake arudi Matombo. Nilitegemea mama atakataa kwa sababu ya jicho. Akasema sawa. Sasa kila jioni nyumba iko kimya, yeye kule na mimi huku, na juzi Devotha amemkuta anakunja nguo.

Ndiyo nauliza, wewe uliyesoma na kuona mengi: ni spika za aina gani za masikioni, ambazo muuza karanga anaziweza, nimnunulie huyu mama ili anisamehe akae amalize matibabu? Madukani zimejaa mpaka zinamwagika, kila muuzaji anaapa, na mimi pesa ya kukosea tena sina.

Ni mimi mkwe wa watu,
Yohana,
Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Yohana, majina yote nimeyabadili, na barua yako nimeitoa katikati ya foleni nikaiweka juu kwa sababu ya huo mwisho wa mwezi. Nilipofika kwenye kijiko kinachogonga ukuta niliweka miwani chini. Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi nikisoma watu wanavyotendana, na mara chache sana nimepata barua ya watu wawili wanaoheshimiana hivi. Kwa hiyo nitakugombeza kwa moyo mkunjufu.

Kosa lako la kwanza ni kuamini kwamba uliukata wewe. Soma barua yako mwenyewe. Waya wako ulikuwa mrefu wa kukufikisha mlangoni kwa wateja, na unasema uliruka palepale ulipokaa. Waya unaokwenda mpaka mlangoni haukatiki kwa mtu kusimama. Redio haikuvutwa kutoka kwako. Sasa angalia upande wa pili. Yule mama waya wake ulifika kwenye kigoda bila ziada, na spika ameishikilia kwa mkono. Devotha alimkuta amesimama na kigoda kimepinduka. Ukelele uliousikia ukadhani ni wa maumivu, mimi niliusikia kutoka huku kwenye karatasi, nao ulikuwa ukelele wa goli.

Mama mkwe wako aliruka, bwana. Mwanamke mzima wa Matombo, mwenye wajukuu, alishangilia goli kwa sauti na kwa wakati mmoja na mume wa binti yake, akaing'oa redio ya mkwe wake ukutani, akaiangusha, akakata waya. Hicho ndicho kilichomfunga mdomo. Wewe unaona haya huku, yeye anaona haya kule, kila mmoja anadhani yeye ndiye mkosaji.

Halafu wewe ukafanya nini? Ukamletea redio yake mwenyewe. Jiweke kwenye kigoda kile uone. Umevunja kitu cha mkweo, hujui utaanzia wapi kuomba radhi kwa sababu desturi haikupi mlango, na kabla hujaupata mlango unaletewa redio mpya kabisa, yenye spika zake, kama vile unaambiwa usitegemee tena waya wangu. Mimi ningefunga mizigo siku hiyohiyo. Yeye amevumilia, ameshukuru, amesubiri. Ukambadilishia spika ukampa nyingine nzuri zaidi, maana yake umeisisitiza hukumu. Akaona basi, na alipokuja ndugu yake akasema sawa.

Hapa nina ugomvi, na si na wewe peke yako. Tuna ugonjwa mpya mjini. Zamani tulipanga foleni kwa sabuni, na wale wanaoililia foleni ile wanitolee machozi yao mbali, mimi nilikuwemo na mguu wangu mmoja bado unaniuma. Lakini tangu milango ifunguliwe na bidhaa zimwagike, tumefundishwa kwamba mapenzi ni kumnunulia mtu kitu chake peke yake. Baba ana redio yake, mama yake, mtoto yake, na nyumba nzima hakuna anayejua mwenzake amesikia nini. Kisha tunakuja kuandika barua kwa mshauri. Mama yule alipouliza kwa nini wanaume wasinunue kila mmoja mpira wake, wewe ulidhani ni utani. Nadhani jibu analijua sasa kuliko sisi wote.

Na nina ugomvi mwingine, na wasomi wetu. Nimesoma vitabu vya wageni waliopanda milima ya Uluguru na kufika mpaka Ukaguru wakaandika kwamba ukwe wetu ni woga, na nimekaa kwenye semina na vijana wetu wenye shahada wanaouita ukale. Nawaomba wote wasome barua hii. Hawa wakwe wawili hawajavunja hata kanuni moja. Hawakukaa pamoja, hawakutajana, hawakutazamana. Wamechukua waya wa spika na msumari, wakatengeneza namna ya kucheka pamoja ambamo kila mmoja anaweza kudai hakusikia. Yule mama alimwomba mkwe wake urafiki kwa sentensi moja, kupitia mtu wa tatu, bila kumvunjia heshima, na mkwe akaelewa akaenda kwa fundi. Nikiulizwa watu wastaarabu wa mkoa huu wanaishi wapi, nitaelekeza Kichangani. Hata kwenye barua ya kurasa hizi zote, mahali pa siri, hukumtaja jina. Nimekuheshimu sana kwa hilo.

Sasa mjomba. Mzee Kasiani ana haki ya kuuliza, kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na usije ukamjibu kwa jeuri ya mjini. Lakini anastahili kujibiwa, na wewe ulikaa kimya ukamwachia mkeo. Kwenye sahani moja mikono inakutana kwenye ugali. Hapa upande wa mama unaingia sikioni mwa mama, unafungwa kwenye kanga ya mama, na wewe hujawahi kuugusa. Hizo ni sahani mbili na sufuria moja, na chakula cha sufuria moja wakwe wamekula tangu ukwe uanze. Mwambie hivyo, ukiwa umekaa chini kuliko yeye, tena Devotha awepo. Mwambie na habari ya jicho, aisikie kwenye kinywa chako mwenyewe, siyo kwa kupitia. Kisha mpe ile redio mpya iliyoko sandukuni, ila kwanza Devotha amwombe mama ruhusa, maana ni mali yake. Nina hakika atakubali haraka kuliko unavyodhani. Mzee akae Matombo akisikiliza matangazo ya vifo, na ataacha kufuatilia misumari ya watu.

Haya, spika zenyewe, kwa sababu umeuliza na pesa ya kukosea huna.

Usinunue kwa maandishi. Kijapani kile kilichokuhadaa kinaandikwa popote penye wino, na muuzaji anayeapa kabla hujamuuliza mpite. Nenda na redio yako mfukoni, yenye betri nzuri, na asiyekuruhusu kujaribu dukani kwake usimnunulie hata kibiriti. Chomeka, sikiliza upande wa kwanza, halafu wa pili, na kwa kuwa sikio lako zima ni moja, tumia hilohilo kwa pande zote. Tafuta stesheni ya mtu anayeongea, siyo ya muziki, muziki unaficha ubovu, lakini sauti ya mtu ikikoroma utaisikia. Kisha shika waya pale unapoingia kwenye pini, uukunje taratibu huku na huku redio ikiwa inasema. Sauti ikikatika hata kidogo, rudisha. Nyingi hufia hapo. Angalia pia kama pini ina mpira mrefu kidogo unaoushika waya shingoni. Isiyo nayo haifiki mbali.

Kwa kazi yako wewe, waya lazima uwe pacha, ule wa nyuzi mbili zilizogandana ubavu kwa ubavu, unaopasuka ukivutwa. Ule wa mviringo uache, hata ukiwa mzuri, kwa sababu hutaweza kuugawa. Zipo pia zenye upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, za kuzungushia shingoni. Hizo ziachie vijana. Nyaya za siku hizi ni nyembamba kama nywele na zimepakwa rangi, risasi ya kulehemu haishiki mpaka fundi aunguze ile rangi kwanza kwa moto kidogo na kuifuta. Mkumbushe Mikidadi, asije akalehemu juu ya rangi mkarudi kwenye ukimya.

Na zile za bei ulizompelekea mama, zenye sifongo, hazina ubaya, ila hapakuwa na kosa la kurekebisha. Kitu anachohitaji ni kidogo zaidi: vifuniko vya mpira vya ukubwa tofauti. Duka zuri huvitoa pamoja na spika, vitatu au zaidi kwenye kifuko. Mpelekee vyote kwa mkono wa Devotha, achague mwenyewe kile kinachokaa bila kushikiliwa. Sikio lake usilikisie tena. Sauti nayo iwe ya chini, kwa ajili yake na kwa ajili ya hilo sikio lako moja, ambalo kiwanda kilikuachia na hutapata jingine sokoni kwa bei yoyote.

Lakini kabla ya duka lolote, una ile ya zamani? Umesema ilikatika kwenye pini. Basi spika zenyewe ni nzima. Pini mpya ni kitu kidogo kabisa, na Mikidadi ataifunga huku umesimama. Mpelekee hiyo kwanza. Kama imekufa kweli, ndipo uende dukani na maagizo yangu. Mama akirudishiwa ile ile ya zamani ataelewa zaidi kuliko akipewa yoyote mpya.

Wala usimwambie kwamba unajua. Usimtume Devotha na radhi, usimtume na msamaha, usimweleze habari ya kigoda, na gazeti hili lisiachwe mahali litakaposomwa kwa sauti. Desturi yenu ina njia ya kusema bila kusema, na nyinyi wawili ni mafundi wake. Mwambie Mikidadi aupunguze waya wako, hutakufa kwa kuutoa sikioni ukienda kumpimia mtu karanga. Kile kipande akiunge upande wa mama. Uushushe juu ya ukuta, uuache ulale sakafuni karibu na kigoda, mrefu mpaka aushangae. Ataupima kwa mikono yake na ataelewa kwamba unajua, na kwamba hukukasirika.

Halafu fungua redio saa ya mpira, ukae kimya, usikohoe. Yeye ndiye wa kugonga kwanza. Na siku timu yenu ikisawazisha, asimame.